Alama za Milangoni za Shangazi Mashavu

Mjukuu wangu anasoma shule ya awali hapa Makuyuni, na kila Ijumaa anarudi na karatasi ya kazi ya nyumbani. Wiki iliyopita ilikuwa na picha ya kuku. Kuku mwenyewe kashachorwa, mistari yote ipo, mtoto anatakiwa kujaza rangi tu bila kutoka nje ya mstari. Chini pameandikwa kwamba mzazi au mlezi atie saini kuthibitisha kuwa amemsaidia mtoto. Nikatia saini. Nilimsaidia nini, sijui. Nikamwambia mama yake kwamba mimi nilichora kuku kabla sijang'oka jino la kwanza, tena kwa mkaa na udongo mwekundu juu ya ukuta wa nyumba, na kuku wangu alikuwa na miguu mitatu, na hakuna aliyetia saini popote. Akacheka, akasema bibi umeanza.

Nimeanza kweli, na sinyamazi leo. Aliyenifundisha kuchora kuku ni shangazi yangu, Mashavu binti Mhina, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye pengo la mbele na sauti nzito. Akikuita kutoka uani kwake, wewe uliye kisimani unaitika. Aliolewa Kang'ata akiwa binti mdogo, akazaa watoto wawili, wote hawakufikisha mwaka. Mume akaoa mwingine, naye akafunga kanga zake akarudi kwa baba yake. Hakuzaa tena wala hakuolewa tena. Alikuwa akisema hana kinyongo, lakini mtoto mchanga akilia popote kijijini, yeye husimama kwanza, ndipo anaendelea na alilokuwa akilifanya.

Tulikuwa tunakaa mahali palipoitwa Kwa Mhina, kwa jina la babu. Nyumba nne, zizi la mbuzi, mihogo nyuma, na kaburi la babu pembeni mwa shamba. Mwaka 1974, wakati wa kiangazi, tukahamia kijijini, upande wa Mazingara, pamoja na watu wote waliokuwa wametawanyika huku na huku. Baba yangu, Semboja, alikuwa balozi wa nyumba kumi na muumini mkubwa wa Ujamaa. Ili wengine wasiseme anawahimiza wahame huku yeye amekaa, alipanda juu ya paa la nyumba yake mwenyewe akaanza kuvuta nyasi kabla ya mtu yeyote. Simsemi vibaya baba yangu. Alichokiamini kilikuwa chema, na shule niliyosoma na zahanati iliyomponya mdogo wangu surua vyote vilitokana na kuhama kule. Nasema tu kwamba alipanda juu ya paa mwenyewe, na mama alikuwa amesimama chini na mtoto mgongoni, akiokota vyungu.

Kijijini kulikuwa na shamba la pamoja, na akina mama walitakiwa kulima siku tatu kwa wiki. Sasa watoto wadogo waachiwe nani? Kamati ya kijiji ikakaa, mwenyekiti Kibwana akamtaja Mashavu, kwa hoja kwamba hana watoto wa kumsumbua. Ndivyo alivyokuwa mlezi wa kituo, au mwalimu wa vidudu kama tulivyosema wakati ule. Kituo chenyewe kilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta, na mvua ikinyesha tulikusanyika katikati, mahali pamoja pasipovuja. Masika yakishika tulirudishwa nyumbani kabisa.

Shangazi hakuwa na shule. Alisoma chuo cha Kurani tu, na jina lake alijua kuliandika kwa herufi za Kiarabu. Walimpeleka Korogwe kwenye semina ya wiki moja, akarudi na daftari moja ambalo hakuweza kulisoma na jambo moja ambalo hakulisahau. Alikusanya akina mama akawauliza mtoto anakaa kituoni kwa muda gani. Wakajibu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akauliza muda uliobaki anakaa kwa nani. Wakasema kwetu. Akasema, "Basi walimu ni ninyi. Mimi nawakumbusha tu."

Akina mama hawakufurahi hata kidogo. Umetoka shambani, mgongo umekatika, hujatwanga, hujateka maji, halafu kitoto cha miaka minne kinakusimamia mbele kinasema shangazi katutuma. Maana alitutuma kila siku, na hakuandika popote. Ujumbe tuliubeba kichwani, na ukisahau njiani, kesho yake huna cha kusema mbele ya wenzako. Leo mama akuchanganyie kunde, choroko na mbaazi kwenye ungo, uzitenge kwa macho, halafu uzitenge tena umefumba macho. Leo upime kibuyu kikubwa kinajazwa na vibuyu vidogo vingapi, na kama mama hana maji ya kuchezea, pima kwa mchanga. Leo ulete majani matatu yaliyo ndugu na moja ambalo si ndugu yao, useme kwa nini umelikataa. Kesho utafute kitu chochote nyumbani ambacho ni kizito lakini ni kidogo, na kingine kikubwa lakini chepesi.

Bwana Sadru, mwenye duka kule Handeni mjini, alimwekea viberiti vitupu kwenye gunia, na lori la kijiji likienda mjini lilimletea. Tulijenga treni, tulijenga nyumba, tulipanga minara kutoka mrefu hadi mfupi. Siku moja shangazi alipita nyumbani kwetu jioni akamkuta baba amekaa na mimi tunapanga viberiti, na baba ndiye aliyekuwa akikosea. Alicheka siku ile mpaka akaketi chini. Akamwambia baba kwamba kazi ya mama ni kuuliza, kazi ya mtoto ni kujibu, na kazi ya baba ni kukaa karibu asiharibu.

Taratibu watu walizoea, kisha wakaanza kupenda. Namkumbuka mama, Chausiku, jioni ametandika mkeka uani, mdogo wangu ananyonya, na mkono wake mmoja unanichanganyia mbegu kwenye ungo. Alikuwa akinitega kwa kuchomeka punje ya mtama katikati ya choroko, halafu anajifanya anatazama kwingine. Nikiipata anasema, kumbe una macho. Nimesifiwa na watu wengi baada ya pale, wengine kwa vyeti, lakini sina sifa niliyoipenda kuliko ile.

Sasa nyumba za kijiji. Kwa Mhina kila nyumba ilikuwa na sura yake. Hii imeinama, ile ina kibaraza, ya bibi ina moshi muda wote. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, zote za miti na udongo, zote za nyasi, kila mlango ukitazama barabara, kila nyumba ikiwa mbali na mwenzake kwa hatua zilezile. Wakubwa walipendezwa. Sisi wadogo tulipotea kila siku. Mtoto anatumwa kuleta kijiko, anaingia nyumba isiyo yake, anakula huko, analala huko, na jioni mama yake anazunguka mstari mzima akipiga hodi. Mwezi wa kwanza ilikuwa kichekesho, mwezi wa pili ikawa kero.

Shangazi akapata dawa. Akatutuma ujumbe mmoja sote: kila nyumba yenye mtoto mdogo ikae usiku huo ichague alama moja ya kuchora ukutani karibu na mlango, na anayechagua ni mtoto, na anayechora ni mtoto, mkubwa ashike tu kibuyu cha rangi. Mkaa uliosagwa, udongo mwekundu, majivu, majani ya kunde yaliyopondwa. Kwa majirani zetu walichora mwezi. Nyumba ya pili kinu na mchi. Nyingine ngazi, nyingine jembe, moja ilichora kitu ambacho hadi leo hakuna anayejua ni nini, lakini mwenyewe alikijua. Mimi nilichora kuku. Baba alisema kuku ana miguu miwili. Nikamwambia wa kwangu anayo mitatu. Mama akamwambia baba ashike kibuyu.

Mzee Muhidini, aliyetufundisha Kurani, alikuja kulalamika. Alisema si vizuri kuchora kiumbe chenye roho kwenye nyumba ya Muislamu. Alisema kwa upole, naye alikuwa mtu mpole. Shangazi akampa shikamoo, akamwekea kigoda, akamwelekeza ukutani amtazame yule kuku, akamuuliza kama kweli anaona dalili ya roho. Mzee Muhidini akatazama sana, akasema la, huyu hata uhai hakuwahi kuwa nao. Akaondoka, na kuku wangu akabaki.

Tangu siku hiyo hatukupotea tena. Tulikimbia mchana kutwa, na jioni kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye alama yake. Shangazi alikuwa akipita barabarani mikono nyuma, akisoma milango kama mtu anayesoma gazeti. Alikuwa na furaha, na alistahili.

Baada ya kuvuna akatoa kazi nyingine, kazi ya njia. Mama au baba amchukue mtoto kwenye njia yoyote, amtajie vitu vikubwa vya njiani kimoja kimoja kwa mpangilio, na mtoto aje kituoni avitaje vyote bila kuruka. Wenzangu walikwenda kisimani au shambani. Mama yangu alinipeleka Kwa Mhina.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo baba hakulijua. Mihogo yetu ya zamani ilikuwa bado ardhini, na baba alikuwa amekataza mtu wa nyumba yake kurudi kule, kwa sababu balozi gani huyo ambaye watu wake wanarudi mahame? Lakini unga ulikuwa mdogo. Mama alikuwa akienda siku baba akiwa kwenye vikao, mdogo wangu mgongoni, mimi kwa miguu, kama maili mbili na ushee. Alikuwa aking'oa mihogo michache, anafagia kaburi la babu kwa tawi, tunarudi. Njiani tulikuwa tunaimba: mkwaju, kichuguu, jiwe lenye maji, mgunga uliopigwa na radi, korongo, kaburi la babu, nyumbani. Kituoni niliitaja yote bila kuruka, ila mama alinifunza nisiseme ni njia ya wapi. Shangazi hakuuliza. Nadhani alijua, maana baba yake ndiye aliyezikwa pale.

Mwaka 1975, mwezi wa saba, ikaja habari kwamba mgeni mkubwa atapita kuona kijiji. Hakuna aliyetuagiza kupaka nyumba rangi. Hilo kamati ililitunga yenyewe, kwa shauku tu. Kibwana akasema nyumba zote za barabarani zipakwe udongo mweupe wa korongoni, zing'ae, mgeni aone mstari mmoja mweupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na michoro ile ya watoto, akasema, ifunikwe, maana mgeni atadhani tunachezea ukuta. Akamwambia shangazi kwamba mgeni akifurahi, ombi la kwanza litakuwa mabati ya kituo.

Shangazi aliyataka mabati yale. Aliyataka kwa moyo wake wote, kwa sababu masika iliyotangulia watoto wawili walishikwa na kichomi wakiwa chini ya banda lake. Akakubali. Alisema ni siku mbili tu, mgeni akiondoka tutachora upya, tena vizuri zaidi, maana tumekua. Na isitoshe, akasema, watoto sasa wanazijua nyumba zao.

Kwa kuwa alikuwa mwalimu hata mahali asipotakiwa kuwa mwalimu, akaigeuza ile kazi ikawa somo. Debe moja la udongo, vibuyu viwili vya maji, koroga mpaka kijiti kisimame. Watoto wapake kwa viganja mpaka pale mkono unapofika, wakubwa wamalizie juu. Tukapaka. Nilimpaka kuku wangu mwenyewe, nikianza na miguu. Nakumbuka ubaridi wa udongo ule na kwamba nilikuwa nacheka. Kufika kichwani nikaanza kulia, na shangazi akanifuta machozi kwa mkono wenye udongo, nikawa mweupe usoni, watu wakacheka.

Mgeni alikuja na Landrova, saa nne asubuhi. Akashuka kwenye ghala, akaona mahindi, akahutubia, akala wali na kuku, akasifu, akapanda gari akaondoka kwa barabara ileile aliyojia. Mistari ya nyumba nyeupe hakuiona hata kwa mbali. Mabati yalikuja mwaka 1978, kwa sababu nyingine kabisa, na nusu yake ilitumika kwenye ghala. Lakini hayo ya baadaye.

Siku hiyo mama alikuwa kwenye masufuria, baba yuko kwenye mstari wa viongozi na kofia yake. Ngoma zikaendelea baada ya mgeni kuondoka. Shangazi akatuambia sisi vidudu, kama alivyotuambia kila siku, kila mtu aende nyumbani kwake abadilishe nguo. Wenzangu walikuwa na kaka na dada wa kuwashika mkono. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Nikaenda peke yangu.

Barabara ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Nakumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka jana. Niliingia nyumba moja, nikakuta kitanda kisicho chetu. Nikaingia nyingine, mbwa akanibwekea. Nilitembea mstari mzima nikitafuta kuku, nikarudi, nikatembea tena. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, wote walikuwa kwenye ngoma. Mwisho wa mstari nikauona mkwaju. Huo niliujua. Nikasema mkwaju, nikaanza kwenda.

Waligundua alasiri. Mama alikwenda nyumbani akakuta hamna mtu, akaenda kwa shangazi, na shangazi akasema alishaniruhusu zamani. Ngoma zikanyamazishwa, likapigwa debe. Watu wakapita nyumba kwa nyumba, wakaangalia kisimani kwa mti mrefu, wakaangalia ghalani. Wakati ule simba hawakuwa hadithi Handeni, na fisi ndio usiseme. Shangazi alipiga hodi kila mlango mweupe, mmoja baada ya mwingine, akiniita kwa ile sauti yake, na akifika mwisho anaanza tena upya. Wengine walianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mama mmoja, simtaji kwa sababu wajukuu zake ni marafiki zangu, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumpa watoto wa watu mwanamke ambaye hakujaliwa kulea wake.

Shangazi alisikia. Mama aliniambia baadaye kwamba alimwona akishika ukuta, na alipoondoa mkono kiganja kilikuwa cheupe. Akakitazama kile kiganja. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Sisi hatukuwa tumezijua nyumba zetu. Tulikuwa tumezijua alama, na yeye ndiye aliyetuchanganyia udongo wa kuzifunika. Akamgeukia baba, akasema, "Semboja, ni mimi. Nimempoteza mtoto wako kwa mikono yangu."

Mama ndiye aliyesogea. Alikuwa amejua kwa muda fulani mahali pa kunitafuta, na kila dakika aliyonyamaza ilikuwa inamchoma, lakini kusema ilikuwa kumvunjia mume wake heshima mbele ya watu wa nyumba kumi aliowasimamia. Akasema mbele yao wote, "Baba Hajira, yuko Kwa Mhina. Njia anaijua. Mimi huwa nampeleka."

Mama alisubiri kupigwa au kufokewa. Baba alivua kofia, akamkabidhi Kibwana, akachukua panga akatangulia.

Walikwenda watatu. Njiani mama alikuwa akiongea peke yake, na shangazi akagundua kwamba anataja vitu: mkwaju, kichuguu, jiwe lenye maji. Kwenye jiwe waliona alama ya mguu mdogo kwenye tope. Mama akaanza kulia bila kuacha kutaja. Mgunga. Korongo. Jua lilikuwa limeshuka sana walipolipita kaburi la babu.

Nilikuwa nimekaa katikati ya mafiga matatu. Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya nyumba yetu, na kipande cha kizingiti, na udongo wa kuta uliokwisha kuyeyuka na mvua ukaota nyasi. Nilikuwa nimekusanya vijiti nikavipanga katikati ya mafiga tayari kwa mama akija apike. Sikuwa nimelia. Mdomo ulikuwa umejaa unga wa muhogo mbichi.

Shangazi alifika wa kwanza, akapiga magoti, akanishika mabega kwa nguvu mpaka nikaumia. Akaniuliza, "Hajira, mama yangu, kwa nini hukurudi nyumbani?"

Sikuelewa swali. Nikamwambia, "Si nimerudi, Shangazi."

Nilimtazama baba, nikaona anatazama juu, pale ambapo paa lilikuwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mlango ulikuwa wapi. Nilisimama nikamwonyesha kwa mkono, hapa. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi, babu aliujenga kwa kimo chake, na baba miaka yote ilimlazimu kuinama sana ndipo apite. Akaja mpaka pale nilipoonyesha. Akainama. Mtu mzima, mrefu, panga mkononi, aliinama chini ya mlango usiokuwepo, akaingia ndani, akakaa chini karibu nami, akafunika uso.

Mama akaingia nyuma yake, naye aliinama. Akamshusha mdogo wangu mgongoni, akaketi upande wake wa jikoni, pale alipokuwa akikaa siku zote.

Shangazi alibaki nje. Alisimama kwenye majani na kiganja chake cheupe, hasogei, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa baada ya aliyoyafanya. Mimi nilitaka kumwita, mama akanishika. Kisha shangazi akasema, polepole, kwa ile sauti nzito ambayo siku nzima ilikuwa ikipiga kelele, "Hodi hapa."

Mama akamtazama baba. Baba alikuwa bado amefunika uso, lakini ni yeye aliyejibu.

"Karibu, dada. Ingia ndani."

Akainama, akaingia, tukakaa sote mpaka jua likazama.